Chumba cha Vitabu cha Mlenje

Mashine ya kusaga ya Masanja ndiyo iliyompatia Coleta wasomaji wake wa kwanza kule Mlenje. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu kila mlango ukagoma. Alijaribu kanisani baada ya ibada, watu wakamsikiliza kwa adabu, macho yakiwa njiani, kisha wakaenda zao kula. Alijaribu shuleni, mwalimu mkuu akamwambia kwa upole kwamba watoto wana mtihani. Akajaribu kupita nyumba kwa nyumba na kasha la vitabu begani kama mchuuzi wa mitumba. Mbwa wakambwekea, na bibi mmoja akamwuliza anauza nini.

"Siuzi, bibi. Naazimisha."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi mjukuu wangu, wewe una shida kuliko mimi."

Ilikuwa mvua iliyomwingiza kwenye penu la mashine. Mlenje ni kitongoji kidogo mbele ya Mwazye, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, mahali ambapo upepo hauna kizuizi na mvua huja ikilala ubavu. Aliwakuta akina mama wamekaa juu ya viroba vyao vya mahindi, kimya, wamejifunga khanga mpaka puani. Mashine ilikuwa imezima. Masanja mwenyewe, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita kisha akageukia biashara ya kusaga, alikuwa amelala chini ya injini akihangaika na mkanda uliokatika. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Coleta akafungua kasha, akatoa kitabu kimoja cha hadithi, akaanza kusoma kwa sauti bila kumwomba mtu ruhusa.

Alikuwa amefika katikati, pale mjane aliyefuga nyuki anapogundua mizinga yake imehamishwa, injini ikakohoa na kuwaka. Kelele ikajaa penu zima. Wale akina mama, waliokuwa wamengoja tangu asubuhi, wakapiga ukelele kwa pamoja: "Zima kwanza!"

Masanja akazima, akachungulia kwa mshangao, uso umejaa grisi. "Mimi nasaga mahindi, ninyi mnataka kusagiwa maneno?"

"Amalize kwanza!"

Akamaliza. Toka hapo, Alhamisi ikawa siku ya Mama Vitabu.

Coleta hakuwa mtu wa uwanda huo wa baridi kwa kuzaliwa. Alizaliwa Mtowisa, chini kabisa kwenye bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto na mpunga na njia mbovu, akapandishwa mlimani akiwa msichana kuja kusoma shule ya bweni. Baridi ya Ufipa ilimpasua midomo. Mahali pekee palipokuwa na joto pale shuleni ni chumba kidogo nyuma ya jiko, na katika chumba hicho walikuwa wamelundika vitabu vya zamani vilivyokosa kabati. Sista mmoja alimruhusu kukaa humo kwa sharti kwamba avipange. Akavipanga, akavisoma, akavipanga upya kwa namna nyingine. Alipomaliza kidato cha nne hakuwa na ndoto ya udaktari wala ya ualimu kama wenzake. Alitaka kuendelea na ile kazi ya chumba cha nyuma ya jiko. Alisomea ukutubi Bagamoyo, akarudi Sumbawanga, akaolewa. Ndoa ile haikudumu na haikuacha mtoto, na hakupenda kuizungumzia.

Kazi aliipata katika maktaba ndogo ya jamii mtaa wa Malangali, iliyofunguliwa na shirika moja la wafadhili kwenye nyumba ya kupanga. Mkuu wake aliitwa Alphonce, mtu mpole wa miwani minene, aliyependa kusema kwamba maktaba inayosubiri watu ni stoo tu. Ndiye aliyempa Coleta kazi ya kutoka nje: Alhamisi kwenda vijijini na kasha la vitabu nyuma ya bodaboda, kusomea watu, kuazimisha, kufundisha wanaotaka kufundishwa. Coleta aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote, na hilo alilijua.

Miongoni mwa wale wa kwenye viroba alikuwepo mwanamke kijana aitwaye Silvana. Aliacha shule darasa la nne mama yake alipofariki, akalea wadogo zake, akaolewa, akazaa. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, Beda, na binti wa darasa la kwanza, Gaudiosa. Mwanzoni Silvana alikuwa akimsogeza binti mbele, yeye akibaki nyuma anapepeta mahindi yaliyokwisha kupepetwa. Baada ya wiki kadhaa Coleta akagundua kwamba midomo ya mama nayo inacheza.

"Mama Gaudiosa, njoo ukae hapa na mwanao."

"Mimi ni mtu mzima, mwalimu. Nitachekwa."

"Na nani? Hawa?"

Silvana akawatazama wenzake. Hakuna aliyecheka. Akasogea. Tangu siku ile mama na binti wakawa wanasoma kitabu kimoja kwa kupokezana, huyu mstari mmoja, yule mstari mmoja, kama watu wawili wanaobeba mzigo mmoja mlimani. Gaudiosa alikuwa mwepesi zaidi. Mama akikwama kwenye neno refu, mtoto alimngoja kwa subira ambayo watu wazima hawana, halafu akamnong'oneza silabi ya kwanza tu.

Vitabu vilikuwa vichache, karibu vyote nakala moja moja, na mahali penyewe ni mashine ya unga. Kurasa zilianza kuota alama za vidole vyeupe, kisha za mchuzi wa maharage, kisha za udongo. Coleta alikuwa na uchungu na karatasi kama mama wa kambo alivyo na sukari. Akaweka sharti: hakuna kugusa kitabu bila kunawa. Masanja akatoa ndoo yenye koki, ile iliyobaki toka enzi za korona, ikawekwa kwenye kigoda mlangoni. Watoto walilipenda sharti hilo kuliko vitabu vyenyewe. Wakalitungia wimbo. Gaudiosa akajiteua mkaguzi, alisimama mlangoni, kitambaa kichwani, akiwaamuru wenzake, na hata akina mama wazee: "Onyesha! Geuza! Geuza tena!" Ukiwa na uchafu chini ya kucha, alikurudisha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, mazuri, kwa muda.

Wazo la kujenga lilitoka kwa wenyewe. Walichoka kusomewa katikati ya ngurumo za injini. Coleta akalipeleka Malangali, na Alphonce akalipeleka juu kwa shirika. Jibu lilipokuja, Alphonce alimwita ofisini huku akitabasamu.

"Wamekubali. Wananchi wapandishe kuta mpaka kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Wao wataleta mbao, bati, rafu na vitabu vya kujaza chumba. Kawaambie."

Mkutano ulifanyika nje ya mashine. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Wilibrodi, alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake juu ya fimbo. Huyu alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo ya zamani, na alikuwa ameona ahadi nyingi zikipita Mlenje: kisima kilichochimbwa kikaachwa, msingi wa zahanati uliomezwa na majani.

"Mwanangu," alisema, "haya unayotuambia, umeyashika mkononi au umeyasikia?"

"Nimeyasikia, baba. Lakini kwa mtu ninayemwamini."

"Na sisi tukikuamini wewe, tutakuwa tumemwamini nani?"

Watu wakacheka kidogo. Coleta angeweza kucheka nao akasema tungoje kwanza bati zifike. Miaka yote baadaye aliirudia dakika hiyo kichwani, akiigeuza kila upande. Alichosema ni hiki: "Niaminini mimi. Vitabu vitakuja. Mimi ndiye nitakayevipanga."

Wakamwamini.

Walianza mavuno yalipokwisha, wakati wa jua kali na upepo mkavu. Kiwanja kilitolewa jirani na mashine. Udongo mzuri wa tofali ulikuwa bondeni, chini kidogo tu ya hapo, na huko wakachimba. Wanaume walikata udongo, akina mama wakabeba maji kutoka mtoni, watoto wakakanyaga tope wakiimba. Coleta naye alivua viatu akaingia matopeni kila Alhamisi, na Jumamosi pia pale alipopata usafiri. Alifyatua tofali zilizopinda, wakamcheka, wakaziweka pembeni wakisema hizo ni za choo. Tanuri lilipowashwa moshi wake ulikuwa ukionekana toka barabara ya Matai. Silvana alimwambia siku hiyo, wamekaa wanatazama moshi, kwamba hajawahi kujenga kitu ambacho si nyumba ya mume.

Kuta zikapanda. Saruji haikuwepo, hivyo tofali ziliunganishwa kwa udongo, fundi akisema bati zikiwahi hakuna tatizo. Ile ndoo ya koki ilichukuliwa siku moja kubebea maji ya udongo wa kujengea, ikaanguka, ikapasuka. Coleta akasema ataleta nyingine toka mjini. Wakati huohuo watoto wakawa wananawa kwa maji ya kopo, mama mmoja akiwamiminia.

Kuta zilifika kwenye linta. Bati hazikufika. Alphonce alipiga simu, akaambiwa zinashughulikiwa. Mawingu yakaanza kukusanyika, na watu wakaingia mashambani kulima, maana mvua haimngoji mtu. Lile shimo la udongo lilibaki wazi. Kila mtu aliliona. Walikuwa wamekubaliana kulifukia. Mvua za kwanza ziliponyesha likaanza kushika maji mekundu kama chai ya maziwa. Alhamisi moja Coleta alisimama ukingoni mwake akamwambia Wilibrodi, "Baba, hili shimo," na Wilibrodi akajibu, "Kweli kabisa, wiki ijayo, watu wakimaliza kupanda." Wakaachana hapo.

Alhamisi iliyofuata alichelewa. Njia ya udongo ilikuwa inateleza kama ganda la ndizi, na dereva wa bodaboda alimshusha mara mbili atembee. Katikati ya safari akakumbuka ndoo. Alikuwa ameisahau tena. Wiki ijayo, akajisemea, na akaendelea kushika kasha lisianguke.

Watoto walikuwa wamemngoja penuni muda mrefu. Waliposikia pikipiki inapanda kilima wakaruka: "Mama Vitabu! Mama Vitabu!" Kopo halikuwa na maji. Mama aliyekuwa na zamu ya kumimina alikuwa bado shambani. Kwa hiyo wakakimbilia bondeni kunawa, ili Mama Vitabu akifika awakute tayari. Mkaguzi wao aliwatangulia.

Coleta alishuka, akalipa bodaboda, akafungua kasha. Alikuwa ameshika kitabu kipya mkononi, ana furaha nacho, akashangaa kwamba penu ni tupu. Kisha akasikia watoto wakipiga kelele, na kwa sekunde alidhani ni michezo.

Masanja alichomoka nyuma ya mashine, akampita akikimbia. Akaingia shimoni na nguo zake zote. Maji yalimfika kifuani, hayakuonyesha kitu. Akawa anatafuta kwa miguu, anazama, anaibuka, anazama. Udongo wa ukingoni ulikuwa laini mno, kila aliyejaribu kusogea alianza kuteleza. Wanaume waliokuwa mashamba ya karibu wakafika. Coleta alikuwa amepiga magoti kwenye tope anasema neno moja tu, "Jamani, jamani, jamani." Masanja alipoibuka mara ya mwisho alikuwa amembeba Gaudiosa mikononi, na kitambaa kilikuwa bado kichwani.

Walijaribu yote waliyoyajua. Pikipiki ileile ikamwondoa kumkimbiza zahanati ya Mwazye, kati ya dereva na baba yake. Ikarudi taratibu.

Coleta hakurudi mjini. Alikaa msibani, akalala chini na akina mama wengine nyumbani kwa Silvana, akachota maji, akapepea moto, akamenya viazi. Katekista aliongoza sala. Watu walisema yale watu husema: kazi ya Mungu haina makosa, malaika ameitwa na aliyemleta. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Kila mtu alimsalimia, wengine walimpa pole kana kwamba na yeye amefiwa. Hilo lilimwumiza kuliko ambavyo tusi lingemwumiza. Alikuwa anangoja mtu mmoja tu asimame aseme, watoto wale walifuata nini kwenye maji? Hakusimama mtu.

Baada ya matanga kuvunjwa alimkuta Silvana nyuma ya nyumba, peke yake, anachambua maharage. Akaketi kando yake. Alikuwa amejiandaa kusema mengi, lakini yalipotoka yalitoka machache.

"Mama Gaudiosa. Walikwenda kunawa. Ni kwa sababu ya sharti langu."

Silvana hakuinua uso. Alichambua maharage yake, mazima huku, mabovu kule.

"Najua, dada."

"Na ndoo nilisahau."

"Najua." Beda alilia mgongoni, akamtikisa mpaka akanyamaza. "Nilimwosha mwenyewe, unajua? Walitaka wanisaidie, nikakataa. Nilimwosha matope yote, nywele, masikio, miguu. Mikono sikuiosha, dada Coleta. Ilikuwa safi."

Akaendelea kuchambua. Coleta alitaka kumshika, mkono wake ukashindwa kuondoka gotini.

Aliporudi Malangali alimkuta Alphonce amesimama dirishani, miwani mkononi. Akajua kabla hajaambiwa.

"Shirika wamehamisha mradi," alisema. "Mkoa mwingine. Walikuwa wameshaamua toka kabla, nimegundua sasa. Bati hazikuwahi kununuliwa."

"Uliwaambia kuhusu mtoto?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

Alphonce alivaa miwani yake, akaivua tena. "Wameandika pole."

Coleta alikaa kwenye kiti cha wasomaji, kile kifupi cha watoto, magoti yakamfika kifuani. Alitamani kupiga kelele, lakini watoto wa Malangali walikuwa wanasoma chumba cha pili, kimya kama alivyowafundisha.

"Nani atakwenda kuwaambia watu wa Mlenje?" aliuliza.

Alphonce aligeukia dirisha, akasema kwamba wameagizwa pia kusimamisha huduma za vijijini mpaka taarifa nyingine. Nyumba yenyewe ya maktaba italipiwa mpaka mwisho wa mwaka, baada ya hapo hajui.

Coleta alikwenda mwenyewe, bila kasha. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia Mlenje mikono mitupu, na watoto walioona pikipiki hawakukimbia kuja; walisimama mbali wakimtazama. Wilibrodi alimkaribisha ndani, akampa kiti, akasubiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

Akasema. Mzee alisikiliza kama alivyosikiliza siku ya mkutano, mikono juu ya fimbo. Alipomaliza, Wilibrodi alitikisa kichwa polepole, bila mshangao.

"Basi tumejua," alisema. "Hatutakusumbua tena."

"Nisumbueni, baba. Nitukaneni basi."

"Tukutukane, tutapata nini? Wewe ulitumwa. Na sisi tungeweza kulifukia lile shimo kwa asubuhi moja. Kila mtu hapa analala na shimo lake, mwanangu. Wewe lala na lako."

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Kuta zisizo na paa zilianza kunywa maji toka juu. Udongo uliounganisha tofali ukaoshwa kidogo kidogo, na ukuta wa upande wa magharibi ukalala chini siku ya upepo. Hakuna aliyesema tuzibe. Halafu mtu mmoja akachukua tofali chache kuziba jiko lake, mwenzake akachukua za kujengea banda la nguruwe, na mwingine za choo. Hakukuwa na ugomvi wala aibu. Kila mmoja alikuwa amezifyatua. Wakati wa kiangazi, Coleta alipofika, chumba cha vitabu kilikuwa msingi tu, na ndani yake mtu alikuwa amepanda maboga.

Alikuwa amekuja na jembe. Aliomba ruhusa ya kazini bila kusema anakwenda wapi. Maji ya shimo yalikuwa yamekauka, yakaacha sakafu ya udongo uliopasukapasuka. Akaanza kuporomosha kingo. Udongo mkavu wa Ufipa ni mgumu, kila pigo lilimrudi mabegani. Baada ya muda akaona kivuli. Alikuwa Wilibrodi, naye na jembe lake, ingawa umri wake haukumruhusu kazi hiyo. Baadaye Masanja akazima mashine akaja na koleo. Walifukia kutwa nzima na siku iliyofuata, hawakuzungumza ila kupeana maji. Watu walipita njiani, wakasalimu, wakaendelea. Shimo lilipojaa, Masanja alilikanyagakanyaga na buti zake, tena na tena, hata baada ya udongo kushikamana, mpaka Wilibrodi akamwambia, "Inatosha, Masanja. Inatosha."

Coleta aliuliza habari za Silvana. Akaambiwa hayupo. Mume alikuwa amewahamisha, wameshuka bondeni kulima mpunga, wako Mtowisa.

Mtowisa ni kwao Coleta. Kaka yake bado anaishi pale, na kwa hiyo alikuwa na sababu ya kwenda. Aliposhuka kwenye gari, joto lilimpokea kama jamaa aliyemsahau. Haikumchukua muda kuwapata; wageni kutoka juu hujulikana. Silvana alikuwa amekonda, ngozi imeungua jua, khanga imelowa mpaka magotini. Alipomwona Coleta alisimama katikati ya mpunga, akakaa hivyo kidogo, kisha akaja akanawa mtaroni akampokea kwa mikono miwili.

Alimpikia. Hakukubali mgeni aondoke na njaa. Walikula wali na samaki wa ziwani, Beda akizunguka meza ya miguu mitatu, sasa anatembea, akimwogopa mgeni na kumchungulia kwa zamu. Walizungumza juu ya mbu, juu ya bei ya mpunga, juu ya ng'ombe wanaoingia mashambani. Ndani ya mkoba wa Coleta kilikuwamo kitabu, kile walichokuwa wakikisoma kwa kupokezana, Silvana na binti yake. Alikuwa amekibeba akiamini kwamba ndicho kilichomleta, kwamba pengine wataendelea walipoishia. Alikitoa taratibu akakiweka mezani.

Silvana alikitazama. Hakukigusa.

"Kirudishe, dada."

"Si lazima usome leo. Kiweke tu."

"Sitasoma tena. Nilijaribu." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Nikifika kwenye neno refu nasikia mtu ananinong'oneza. Siwezi."

Coleta akarudisha kitabu mkobani. Zipu ikagoma.

"Kuna jambo naomba," Silvana akasema, "na usinielewe vibaya. Sina kinyongo na wewe. Mungu shahidi. Watu wa kwetu walinifariji wote, lakini wewe ndiye uliyelala nami chini. Ila usije tena. Nikikuona wewe naona Alhamisi. Huku hawamjui. Wananiita Mama Beda. Wacha niwe Mama Beda."

Coleta alisema ndiyo. Akamshika Beda kichwani, mtoto akajiondoa akaenda kujificha nyuma ya mama yake. Silvana alimsindikiza mpaka kwenye mti wa njia panda, kama desturi inavyotaka, wakaagana, na yeye akageuka akarudi kwenye mpunga bila kutazama nyuma. Coleta alisimama mpaka khanga ile ikawa doa dogo katika kijani.

Gari la asubuhi lilipanda ukingo wa bonde kwa kunguruma, likasimama mara kwa mara kupoza injini, na kadiri lilivyopanda ndivyo baridi ilivyoingia madirishani. Abiria walianza kuvaa masweta. Coleta hakuwa na sweta. Alilisahau kwa kaka yake. Akajikunja tu.

Yuko Malangali mpaka sasa. Maktaba haikufungwa, ila chumba kimoja kimepangishwa kwa fundi cherehani, na vitabu vyote vimebanwa katika kile kingine. Alphonce alipata kazi Mbeya akaondoka. Coleta hufungua asubuhi, hufunga jioni, huwasaidia wanafunzi kutafuta majibu ya mazoezi yao, na wakimshukuru huitikia kwa kichwa. Kasha la safari liko juu ya kabati. Ukimwuliza kwa nini haendi tena vijijini atakuambia mradi ulikwisha, na hiyo ni kweli.

Mwezi uliopita alipigiwa simu na namba asiyoijua. Alikuwa mwanamke, sauti ya mtu mzima, akajitambulisha kwamba anaitwa Margareth na yuko kijiji cha mbali zaidi, kule kuelekea mpakani. Alisema wamesikia habari za Mama Vitabu aliyekuwa akisoma kwenye mashine. Walikuwa wamekaa kikao. Wana mashine, wana kivuli, na akina mama wako tayari.

"Huduma hiyo ilisimama, mama," Coleta alimjibu. "Haipo tena."

"Sawa, mwanangu. Itakaporudi?"

"Sidhani kama itarudi."

Mtandao ulikatakata, sauti ikaja na kupotea. Akamsikia yule mama akiwageukia wenzake, akiwaeleza kitu kwa Kifipa, na wao wakijibu kwa furaha. Kisha akarudi kwenye simu.

"Haina neno," alisema. "Tumekubaliana. Tutasubiri."

Coleta alifungua mdomo amwambie wasisubiri, lakini simu ilikuwa imeshakatika. Alipopiga tena namba haikupatikana, na kesho yake haikupatikana, na mpaka leo anapoipiga haipatikani.